Gari la stima Nakuru na Kisumu: faida ni za kweli ama ni maneno ya yadi?

#1 Mwalimu_Njoro
Wadau, hamjambo. Naishi Nakuru, Section 58, nafundisha upande wa Njoro. Ukijumlisha kupeleka watoto shule na kupita sokoni, kwa siku natembea kama kilomita 50. Fielder yangu ya 1500 inaninyonya, na kila tarehe 14 nasubiri EPRA watangaze bei ya petroli kama mtu anayesubiri matokeo ya maabara.

Nimeonyeshwa Nissan Leaf mbili, zile za stima. Ya kwanza ni ya 2014, betri ya 24 (yaani uniti za stima, kWh, inazobeba ikiwa mpya), iko nchini tayari na bei yake inavutia. Ya pili ni ya 2019, betri ya 40, bei inanitoa jasho. Muuzaji wa ile ya 2014 anaapa betri iko sawa kabisa, baa zote 12 za afya yake ziko. Shemeji yangu anasema nitakuwa nalisukuma. Wenye nalo semeni ukweli, mazuri na mabaya. Sitaki lugha ya matangazo.

#2 Probox_Tu
Mwalimu, nunua Probox ulale usingizi. Inabeba walimu sita, magunia mawili na mbuzi, na ikiharibika Salgaa saa nane usiku utapata fundi wa kuiamsha. Hiyo Leaf ikizima hapo utaulizwa na nani?

#3 Nyota_Milimani
Mimi ninalo, la betri ya 40, niko Nakuru Milimani. Salamu kwako mwalimu. Nitaongea pesa kwanza maana ndiyo umeuliza.

Gari hili likitembea kilomita 100 kwa mwendo wa kawaida linakula uniti 15 hivi. Ukihesabu zinazopotea wakati wa kuchaji, mita yako itasoma kama 17. Tokeni za nyumbani pamoja na kodi zote, tuseme uniti moja ni shilingi 30. Hiyo ni kama mia tano. Fielder ya kilomita 14 kwa lita, hiyo safari inataka lita 7. Zidisha na bei ya petroli unayoijua mwenyewe.

Mengine: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa kukatika njiani. Pedi za breki zinakaa sana kwa sababu ukiachilia mguu gari linajivuta lenyewe na kurudisha stima kwa betri. Tairi ndizo zinaisha haraka, gari ni zito na lina nguvu ya ghafla, ukiwa na mguu wa hasira utazila.

Ubaya: Eldoret naenda kwa mahesabu. Kisumu pia. Dashibodi ilikuja na Kijapani na mpaka leo kuna vitufe siwezi kukwambia vinafanya nini.

#4 Jaduong_Dunga
Dada #3 yako ni ya 40, ndio maana unaandika na tabasamu. Mimi nina ya 24, ya 2014, sawa na ile mwalimu anaonyeshwa, na niko Kisumu. Sikiza.

Mjini haina neno. Dunga mpaka Kondele, Mamboleo, uwanja wa ndege, siku nzima sawa. Shida ilianza siku moja nikienda Kericho kumchukua kijana shule. Ahero, Awasi, barabara ni tambarare, nikawa najisifu kwa mama watoto. Mlima ulipoanza, kilomita kwenye dashibodi zikawa zinashuka mbili mbili. Kabla ya Kapsoit taa ya kobe ikawaka. Ndiyo, kuna picha ya kobe. Ukiiona, kanyaga unavyotaka, gari linakwenda mwendo wake.

Tulikata kona tukaingia kwa kinu cha kusaga. Mwenye kinu akauliza hii itakunywa tokeni ngapi. Nikamwambia uniti tano zitanifikisha. Akasoma mita, akaandika namba kwenye daftari la madeni ya unga, akanipa kalamu nitie sahihi. Kisha akanizuia kuchomeka mpaka amalizie mama mmoja debe lake, maana kinu na gari haviwezi kwenda pamoja kwa waya ule. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili tukila mahindi ya kuchoma, watu wakija kuangalia gari linakunywa stima.

Nililinunua likiwa na baa 11. Miaka miwili haijaisha, ziko 8. Nani anaweza kunieleza zimeenda wapi?

#5 Probox_Tu
Hahaha! Jaduong, unaenda Kericho na sahihi kwa daftari la unga. Nimecheka mpaka jirani ameamka.

#6 FundiWaya_Lanet
Kabla ya kucheka, tuelewe hizo baa. Zile ndogo za pembeni upande wa kulia ndizo za afya ya betri, si zile kubwa za chaji. Ziko 12. Ya kwanza haianguki mpaka betri ipoteze asilimia 15. Baada ya hapo kila baa ni kama asilimia 6. Kwa hivyo baa 11 maana yake tayari uko chini ya 85, na baa 8 uko kati ya 60 na 66.

Betri ya 24 ikiwa mpya unatumia kama uniti 21 au 22. Ukibaki na asilimia 63, una kama 13. Kwa kilomita 6 kwa uniti, hiyo ni 80 hivi barabara ikiwa tambarare. Kisumu hadi Kericho ni karibu 80, halafu weka mlima. Jaduong, hesabu ndiyo ilikuangusha.

#7 Omwami_Lurambi
Mimi nasema ni joto. Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea hewa tu. Wamarekani walilia hivyo hivyo kule Phoenix, Arizona, mwaka 2012, baa zikaanguka mapema mpaka Nissan wakaongeza dhamana ya betri: ukishuka chini ya baa 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000 wanakutengenezea. Kisumu jua la saa saba unalijua. Gari likianikwa pale nje siku nzima, betri inapikwa.

#8 Nyar_Milimani_Ksm
Omwami, Phoenix wanafika nyuzi 40 na zaidi wakati wa kiangazi. Sisi Kisumu ni 30 hivi mchana na usiku kuna upepo wa ziwa. Si sawa. Mimi pia niko Kisumu, Leaf ya 30, na bado inakwenda vizuri. Tofauti yangu na Jaduong ninaijua: mimi sichaji mpaka 100 kila usiku. Nachaji mpaka 80, na siachi ikae tupu. Jaduong, wewe unafanya aje?

#9 Jaduong_Dunga
Nyar mama, mimi nachomeka jioni nachomoa asubuhi. Nilijaza tanki la petroli miaka 20, leo nianze kujaza nusu?

#10 Nyar_Milimani_Ksm
Basi umejijibu.

#11 Mkaguzi_wa_Yadi
Hamjafika kwenye kiini. Hizo baa 11 huenda hazikuwa 11. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, dashibodi ikaonyesha baa 12 safi, na baada ya wiki au miezi kadhaa ya kutembea inajua ukweli tena na kuanza kuziangusha moja moja. Nimeona mengi ya aina hiyo. Kwa hivyo mwalimu, huyo anayekuapia baa zote 12 kwa gari la 2014, mimi ningemkimbia. Betri ya miaka zaidi ya kumi iwe imepoteza chini ya asilimia 15? Inawezekana, lakini ningetaka kuona kwa macho.

Na kama unafikiria kuagiza 2014 nyingine Japani: haiwezekani. Sheria ya KEBS, wale wa viwango, ni gari lisizidi miaka 8. Mwaka 2026 gari la mtumba lazima liwe la 2019 au jipya zaidi. Za 24 zilizoko ni hizi tunazozungusha wenyewe kwa wenyewe.

#12 Mwalimu_Njoro
Asanteni sana. Sasa Mkaguzi, nitaonaje kwa macho?

#13 FundiWaya_Lanet
Kuna kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, unachomeka chini ya usukani, na programu ya simu inaitwa LeafSpy. Itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na volti ya kila jozi ya seli, ziko jozi 96. Zikiwa karibu sawa, vizuri. Ukiona moja au mbili zimezama chini ya wenzake hasa ukipanda mlima, hapo ndipo gari linakatikia.

Hii ndiyo nadharia yangu kwa Jaduong, siamini ni joto wala kuchaji peke yake. Seli moja mbovu inavuta betri yote chini. Betri ya 24 ina moduli 48, unaweza kubadilisha zile mbovu bila kununua betri nzima. LAKINI usimpe fundi wa kubahatisha. Zile waya za rangi ya chungwa ni volti karibu 400, na ni umeme mnyoofu. Hazikupi nafasi ya pili.

#14 Mkaguzi_wa_Yadi
Fundi, programu inasoma kompyuta ile ile iliyofutwa. Siku moja haitoshi. Mwambie aendeshe mpaka ishuke chini kabisa aone kilomita halisi alizotembea. Hiyo ndiyo haidanganyi.

#15 Probox_Tu
Muuzaji gani atakubali uendeshe gari lake mpaka lizime? 😂

#16 Mhesabu_Londiani
Habari za jioni. Mmesema mlima mlima lakini hakuna aliyetoa namba. Mimi hapa Londiani napita barabara hiyo kila mara.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mau Summit karibu 2,500. Kisumu 1,130 hivi. Gari la kilo 1,650 na watu ndani, kulipandisha kutoka Nakuru hadi Mau Summit ni kama uniti 3 za kuinua tu, mbali na za kutembea. Kutoka Kisumu hadi urefu huo ni kama uniti 6. Kwa betri ya Jaduong yenye 13, hiyo ni karibu nusu imekwenda kwa kupanda peke yake. Wala joto wala seli haliingii hapo.

#17 Jaduong_Dunga
Mhesabu, nakuheshimu, lakini mlima haukuanza juzi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika Kericho na kubakisha. Mlima umekua?

#18 Nyota_Milimani
#16 ni kweli lakini umesahau kurudi. Kutoka Mau Summit kushuka Nakuru, dashibodi inaongeza kilomita badala ya kupunguza. Hurudishiwi zote, ila sehemu nzuri tu.

Kuna kitu kimoja watu hawaambiwi. Ukiwa umechaji mpaka 100 na unaanza safari kwa kushuka, gari halina pa kuweka huo umeme, kwa hivyo ule mvuto wa kuachilia mguu haupo. Unabaki na breki za kawaida. Mara ya kwanza nilishtuka sana. Mtu anayelala Molo au Londiani na anafanya kazi Nakuru asijaze kabisa usiku.

#19 Kijana_wa_Kiti
Samahani kuingilia. Hizi gari hazisaidii mtu yeyote, stima yetu yenyewe ni ya dizeli. Mnahamisha moshi tu kutoka hapa kwenda kule.

#20 Mhesabu_Londiani
Kijana, uko Nakuru na unasema hivyo? Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni mvuke, maji, upepo na jua. Mitambo ya mvuke ya Olkaria iko kaunti yako, Naivasha. Hata hapo Menengai juu yako, mtambo wa megawati 35 ulianza kutoa umeme 2023. Mvuke wa chini ya miguu yako ndio unachaji hizo gari.

#21 Omwami_Lurambi
Hapo sawa kwa nchi nzima. Lakini sisi wa magharibi tuna mitambo ya maji ya Sondu Miriu na Sang'oro na Turkwel, na jioni watu wote wakiwasha, huwa wanawasha pia mtambo wa Muhoroni, na huo unachoma mafuta. Kwa hivyo Kijana hana haki yote wala hana kosa lote. Ukichaji usiku wa manane uko na mvuke. Ukichaji saa moja jioni, mimi siapi.

#22 Nyar_Milimani_Ksm
Na zikipotea? Hamjataja kupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilikuwa giza. Huku kwetu hata bila siku kubwa kama hiyo, mvua ikipiga transfoma tunalala na mishumaa. Siku hizo mwenye petroli anakupungia mkono. Mimi nimejifunza kutokushuka chini ya nusu msimu wa mvua.

#23 Probox_Tu
Asante dada. Hatimaye mtu mmoja amesema.

#24 FundiWaya_Lanet
Probox, hata petroli station inahitaji stima kuvuta mafuta. Bila jenereta mnasimama wote.

#25 Boda_Kondele
Niongee kidogo kama mtu wa pikipiki. Mimi niko na ya stima, naendesha Kondele na Manyatta. Sisi hatuchaji, tunabadilisha betri kituoni, unatoa tupu unaweka iliyojaa, unaenda. Nikiwa na ya petroli, jioni nilikuwa nahesabu mafuta kwanza ndio nijue nimepata ngapi. Sasa kinachobaki kinaonekana.

Shida ni mbili. Ijumaa jioni ukifika kituoni unakuta betri zote bado zinajazwa, mko foleni na wateja wanapita. Na ya pili, abiria wazee hawakusikii ukija, mama mmoja karibu anipige na mwavuli. Hata mimi nilikuwa naota gari lakini nikisoma hii ya kobe nimepoa.

#26 Jaduong_Dunga
Boda omera, hiyo mfumo wenu wakiweka kwa gari mimi nauza langu kesho.

#27 Mkaguzi_wa_Yadi
Utamuuzia nani lenye baa 8?

Hiyo ndiyo hasara ambayo mwalimu hajaiuliza. Fielder ya miaka kumi ina bei, kila mtu anaijua. Leaf ya miaka kumi bei yake ni betri, na hakuna anayeamini betri ya mwenzake. Unaokoa kwa petroli, unapoteza siku ya kuuza.

#28 Nyota_Milimani
Kama hutaki kuuza? Mimi nitalizeekea. Betri ikishuka mpaka nusu bado itanipeleka Njoro na kurudi.

#29 Mwananchi_Mlipa_Kodi
Furahini mapema. Ndani ya kila lita ya petroli kuna shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara, ulipanda kutoka 18 Julai 2024. Kuna VAT pia. Nyinyi wa stima mnakanyaga lami ile ile bila kuchangia hiyo 25. Mnafikiri serikali itawaangalia hivyo milele? Mkifika wengi tu, mtatafutiwa kodi yenu. Kwa hivyo hiyo hesabu ya #3 ni ya leo.

#30 Nyota_Milimani
Kesho tutahesabu ya kesho. Na petroli ilipofika 217 Nairobi, Oktoba 2023, nani alikuwa amekuahidi bei?

#31 Mhesabu_Londiani
Na bado hamjamwambia mwalimu kuhusu bei maalumu ya kuchaji. Ilianza Aprili 2023: shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake, 8, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Hizo ni kabla ya kodi na tozo zingine, usije ukasema nilikudanganya. Ila inahitaji mita yake peke yake, si ile ya nyumba. Kwa mtu wa gari moja, pima kama usumbufu unalipa.

#32 Mwalimu_Njoro
Hii sikuijua kabisa. Shukrani. Sasa tatizo langu jingine: nimepanga. Naegesha kwa uwanja wa plot, nyumba yangu iko orofa ya pili. Nilikuwa nafikiria kuteremsha ekstensheni kupitia dirishani usiku.

#33 FundiWaya_Lanet
USIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimetoa soketi zilizoyeyuka zaidi ya moja. Soketi ya kawaida ni ampea 13, imetengenezwa kwa pasi na birika, dakika kumi unachomoa. Gari linavuta saa nane mfululizo. Waya mwembamba wa ekstensheni, tena umekunjwa kwa roli, unapata moto polepole na wewe umelala. Tena waya wa kuchajia uliotoka Japani una kichwa chake tofauti, watu wanakata na kufunga kichwa cha pini tatu cha duka la kona. Hapo ndipo moto huanzia.

Fanya hivi: laini yake yenyewe kutoka kwa boksi, waya wa milimita 6, breka yake, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Si ile waya ya kijani iliyoachwa ikining'inia.

#34 Kijana_wa_Kiti
Halafu nasikia ina betri nyingine ndogo ya kawaida?

#35 Nyota_Milimani
Ndio, ya volti 12, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Ilinikuta nikiwa nimevaa nguo za kanisa. Jirani wa Vitz akanipa jampa, tukaendelea.

#36 Probox_Tu
Gari la kisasa limeamshwa na Vitz. Nimemaliza.

#37 Landilodi_Nyalenda
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa mmegusa kwangu. Niko na mpangaji Kisumu ameleta moja ya hizi. Mita ya plot ni moja, tunagawana kwa vyumba. Mwezi wa kwanza wapangaji wengine wamekuja mlangoni kwangu, kila mmoja na karatasi yake ya hesabu. Nimwambie aondoke ama aongeze kodi?

#38 Nyar_Milimani_Ksm
Mzee, usimfukuze. Weka mita ndogo kwa laini yake, asome mwenyewe, alipe alichotumia. Ni rahisi kuliko kesi ya karatasi.

#39 Mwalimu_Njoro
Hata mimi nitamwomba mwenye nyumba wangu hivyo. Lakini ile laini ya milimita 6 ya fundi, kutoka boksi mpaka maegesho, inalipiwa na nani? Nikihama siwezi kuichimbua.

#40 Landilodi_Nyalenda
Mwenye gari alipe. Mimi sijaomba mtu alete gari la kunywa stima kwa plot yangu.

#41 Mkaguzi_wa_Yadi
Lakini mzee, waya ukibaki ni wako, na mpangaji ajaye mwenye gari kama hilo utamtoza zaidi kwa sababu yake.

#42 Landilodi_Nyalenda
Huyo ajaye akija tutaongea naye. Huyu wa sasa mimi sitoi hata futi moja ya waya.